Jeraha la Mchezaji na Uvivu wa Mwandishi

Ndugu msomaji, hadithi hii unaijua hata kabla sijaisimulia. Kijana ana kipaji. Mtaa mzima unamtabiria makubwa. Siku moja anaumia vibaya, daktari mwenye miwani anatikisa kichwa, mama anaangua kilio kwenye korido ya hospitali, mchumba anaanza kupunguza safari za kuja kumwona. Halafu mstari unarukwa, inaandikwa "Miezi minane baadaye", na kijana yuko uwanjani anacheza kama vile hajawahi kuumia maishani mwake. Dakika ya mwisho anashinda. Daktari yuko jukwaani anafuta machozi, mchumba naye karudi. Mwisho.

Nimeisoma hadithi hiyo kwenye miswada ya wenzetu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kuna iliyokuwa ya mpira wa miguu, kuna ya ndondi, moja ilikuwa ya mbio ndefu. Simtaji mtu, maana wala si ugonjwa wa mtu mmoja. Ninachotaka kusema ni hiki: ndani ya ule mstari uliorukwa ndimo hadithi yenyewe ilimokuwa. Tumeikata nyama tukaitupa, tumempa msomaji mfupa, halafu tunashangaa kwa nini hasemi ahsante.

Kwa ushahidi nitakwenda kwenye tenisi. Najua mtaguna. Tenisi? Mchezo wa mabwana wa kaptura nyeupe, klabu zenye geti na askari mlangoni? Ni kweli, kwetu raketi haiko mikononi mwa kila mtoto. Lakini kwa anayejifunza kuandika mchezo huu una faida mbili. Ya kwanza, mchezaji wa mmoja kwa mmoja yuko peke yake kabisa. Goti likigoma hakuna wa benchi wa kumwingiza, hakuna beki wa kumfunika. Ya pili ni hesabu ya pointi. Ubora wa mchezaji hupimwa kwa pointi alizovuna ndani ya wiki 52 zilizopita. Za mwaka jana zinafutika wiki yake ikifika, na asipocheza hana za kuziba pengo. Maana yake, mchezaji aliyelala kitandani na bandeji anashuka wiki hadi wiki bila kufungwa na mtu yeyote. Upo utaratibu wa kumlinda aliyeumia kwa muda mrefu, akaruhusiwa kuingia mashindano machache kwa namba yake ya zamani, lakini hiyo ni tiketi ya kupita mlangoni tu, ndani hakuna anayekupa pointi ya bure. Hebu niambie, ni nani kati yetu angeweza kubuni saa ya ukutani katili kuliko hiyo?

Tuanze na binti mmoja wa California, Tracy Austin. Alizaliwa Desemba 1962. Mwaka 1979, akiwa na miaka 16 na miezi 9, alitwaa ubingwa wa wazi wa Marekani kwa kumfunga Chris Evert 6-4, 6-3, Evert yule yule aliyekuwa amelibeba kombe hilo miaka minne mfululizo. Mwaka 1980 akawa namba moja duniani. Mwaka 1981 akalibeba tena kombe la Marekani, safari hii mbele ya Martina Navratilova, baada ya kupigwa 6-1 katika seti ya kwanza. Hapo bado hajafikisha miaka 19. Kisha mgongo ukaanza, maumivu yanayotoka kiunoni kushuka mguuni, na kufikia umri wa miaka 21 alikuwa karibu ametoweka viwanjani. Mwishoni mwa miaka ya themanini akaanza kurudi polepole. Mwaka 1989, huko New Jersey, ajali ya gari ikamvunja mguu.

Jamani, mwandishi akipewa mkasa kama huo atake nini tena? Mwaka 1992 kikatoka kitabu chake, Beyond Center Court, alichokiandika pamoja na mwandishi wa habari za michezo Christine Brennan. Mwaka huo huo kikahakikiwa na David Foster Wallace, mwandishi wa Kimarekani aliyezaliwa mwaka mmoja na Austin na ambaye naye ujanani alikuwa mchezaji wa tenisi wa kiasi chake. Uhakiki ule baadaye aliuingiza kwenye kitabu chake cha insha cha mwaka 2005. Wallace alikiendea kitabu cha Austin kama mtu mwenye njaa, akarudi na njaa yake. Alichokuta ni maneno yaliyochakaa, yale yale ya wachezaji wanaohojiwa dakika mbili baada ya mechi: nilijitahidi, nilijiamini, namshukuru kila mtu. Mwisho wa uhakiki anajiuliza kama pengine huo utupu ndio kipaji chenyewe, yaani kwamba mwenye uwezo wa kupiga mpira ule wakati watu maelfu wanamtazama ni yule asiyekuwa na maneno kichwani, na sisi wenye maneno kazi yetu ni kutazama tu.

Ni fikra nzuri, na imewavutia wengi. Mimi sikubaliani nayo, na sababu yangu imo kwenye tarehe. Kitabu kilitoka mwaka 1992. Mwaka 1993 Austin alirudi uwanjani kushindana, na akaendelea hadi 1994. Tafakari hapo. Mtu anasimulia maisha yake kana kwamba yamefika mwisho, huku moyoni bado hajaiweka raketi chini! Kidonda kilikuwa kibichi. Na mwenye kidonda kibichi ukimuuliza hali, hukujibu kama anavyojibu kila mtu.

Hili sisi Waswahili tunalijua kuliko Wallace. Mtu ukimsalimia "habari za nyumbani", jibu ni "nzuri". Hata kama amekesha hospitali jibu ni "nzuri". Ndipo baada ya kupumua kidogo anaongeza: "nzuri, ila mtoto amelazwa." Hilo "nzuri" si uongo wala si utupu wa kichwa, ni adabu, ni mlango. Habari yenyewe inakuja baada ya "ila". Kitabu cha Austin, kama Wallace alivyokisoma, kiliishia kwenye "nzuri". Na hapo lawama naiona kwa kitabu kuliko kwa mchezaji, kwa sababu kazi ya anayeandika ni kukaa pale kwenye mkeka, kimya, hadi "ila" itoke. Aliyeaga baada ya "nzuri" asije akatangaza kwamba nyumba ile haikuwa na neno.

Sasa tumtazame mchezaji wa pili, ili tuone hiyo "ila" inafananaje.

Juan Martín del Potro ni mtu wa Tandil, mji wa Argentina. Ni mrefu, mita 1.98. Septemba 2009, akiwa na miaka 20, alimpiga Rafael Nadal 6-2, 6-2, 6-2 katika nusu fainali ya mashindano ya wazi ya Marekani, kisha fainali akamshinda Roger Federer katika seti tano, Federer aliyekuwa bingwa wa pale miaka mitano mfululizo. Dunia nzima ya tenisi ikasema basi, mrithi kapatikana. Mwaka uliofuata akafanyiwa upasuaji wa kifundo cha mkono wa kulia, mkono wake wa raketi, akaporomoka hadi nje ya wachezaji 400 bora. Akapanda tena. Mwaka 2014 kikafuata kifundo cha kushoto. Akapasuliwa Machi 2014, akapasuliwa tena mwanzoni mwa 2015, akapasuliwa tena katikati ya mwaka huo huo. Alipojitokeza Februari 2016 alikuwa nje ya 1000 bora.

Halafu angalia mwaka huo 2016 ulivyokwenda. Agosti, kwenye Olimpiki ya Rio, anamtoa Novak Djokovic raundi ya kwanza, anamtoa Nadal nusu fainali, anaipoteza dhahabu kwa Andy Murray tu. Septemba anamlipa Murray huyo huyo kwenye Kombe la Davis, mjini Glasgow, nyumbani kwa Waskoti, kwa mechi ya zaidi ya saa tano. Novemba, Zagreb, akiwa nyuma kwa seti mbili mbele ya Marin Čilić anageuza kibao na kushinda, na Argentina inalibeba Kombe la Davis kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Mwandishi mvivu anaweka kalamu hapo. Machozi, bendera, mwisho. Lakini ukimtazama Del Potro wa 2016 kwa makini, ukiacha kutazama matokeo ukatazama mikono, utaona jambo ambalo ubao wa matokeo hauonyeshi. Yeye ni wa mkono wa kulia. Mpira ukija upande wake wa kushoto, pigo lake la zamani, bekihendi, lilikuwa la mikono miwili, na katika pigo hilo mkono wa kushoto ndio unaosukuma na kukunja. Sasa kifundo cha kushoto kimeshonwa mara tatu. Basi akawa hausukumi tena. Akawa anaushika ule mkono wa kushoto mbali, anaukata mpira kwa chini kwa mkono mmoja, mpira unakwenda polepole, unateleza chini chini. Ni pigo la kuomba muda. Wapinzani wakajua. Wakawa wanampelekea mipira upande ule ule, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaobonyeza palipovimba. Na yeye kwa miguu mirefu ile anakimbia kuzunguka mpira ili apate kuupiga kwa forihendi, lile pigo lake la upande wa kulia lililokuwa likipasua masikio, lililobaki zima.

Msemo wetu unasema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kwa Del Potro unyasi ulikuwa ni kila mpira uliokuja kushoto. Anatakiwa kuamua, kabla mpira haujadunda mara ya pili: niuamini mkono, au niukate? Hapo pana riwaya nzima, ndugu zangu. Mtu anazungumza lugha yake akiwa amepokonywa nusu ya herufi, na bado anasema, na bado anasikika. Aliyerudi Rio si yule kijana wa 2009. Yule wa 2009 hakurudi. Huyu ni mwingine, mwenye jina lile lile, na kila akipiga mpira anamkumbuka marehemu.

Na hadithi haikuisha Zagreb. Pole pole lile pigo la mikono miwili lilianza kurudi. Mwaka 2018 alifika namba tatu duniani na akacheza tena fainali ya Marekani, akafungwa na Djokovic. Mwezi mmoja baadaye, huko Shanghai, akaanguka akavunjika pia ya goti. Juni 2019 akateleza tena London, goti lile lile. Safari hii upasuaji haukumaliza neno. Februari 2022 alijitokeza Buenos Aires mbele ya watu wake, akafungwa 6-1, 6-3 na Federico Delbonis, akalia wakati mechi bado inaendelea, na ilipoisha akaivua kitambaa chake cha kichwani akakitundika kwenye wavu, akaondoka. Baadaye, mwaka 2024, kabla ya mechi ya kumuaga aliyocheza na Djokovic, alieleza hadharani kwamba kuacha tenisi hakukuacha maumivu, kwamba hata kupanda ngazi kumekuwa mtihani.

Sasa mchukue Del Potro huyu umtie kwenye ile hadithi yetu ya "miezi minane baadaye". Haingii. Alirudi mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ya nne hakurudi. Je, mara ya nne alikosa moyo? Mtu aliyemgeuzia Čilić kibao akiwa seti mbili chini? Hapana bwana. Moyo ulikuwepo. Goti ndilo halikuwepo.

Hapo ndipo neno langu lilipo, na naomba lisikike hata na asiyejali tenisi. Kama hadithi inafundisha kwamba mwenye moyo hurudi, basi kwa upande wa pili imefundisha kwamba asiyerudi hakuwa na moyo. Hilo ni tusi, na wanaotukanwa tunawajua. Kila mtaa wa mji huu una kijana mmoja au wawili ambao miaka sita nyuma walikuwa wanaitwa kwa majina ya wachezaji wa Ulaya. Goti likazunguka kwenye uwanja wa vumbi wenye mashimo, likavimba, likachuliwa na mafuta, likafungwa bandeji. Hakuna aliyejua ni ukano gani umekatika kwa sababu picha ya MRI ni pesa ya kodi ya miezi kadhaa. Leo anaendesha bodaboda, au anakaa kijiweni na kuwaeleza wadogo namna ya kupiga kona. Huyo akisoma hadithi yako, wewe mwenzangu unayetaka kuwa mwandishi, anajifunza nini? Kwamba angejitahidi kidogo zaidi goti lingepona? Afadhali asisome.

Wapo watakaonijibu kwamba msomaji anataka matumaini, na kwamba maisha yanatosha kumvunja moyo, hadithi isimwongezee. Hoja hiyo naiheshimu. Na sisemi tuandike mikosi mitupu, maana huo nao ni uvivu wa aina nyingine, uvivu wa kununa. Nasema matumaini yanunuliwe kwa bei yake halisi. Nitatoa mifano miwili ya walioilipa.

Wa kwanza ni kitabu cha Andre Agassi, Open, cha mwaka 2009. Agassi naye alipata kurudi kwa kweli kweli: mwishoni mwa 1993 alipasuliwa kifundo cha mkono wa kulia, na Septemba 1994 akatwaa ubingwa wa Marekani bila hata kuwa kwenye orodha ya wanaopewa nafasi, jambo ambalo kwa wanaume halikuwa limetokea pale tangu 1966. Mwandishi wetu mvivu angeanzia hapo. Kitabu kinaanza mwaka 2006, siku za mwisho kabisa, Agassi ana miaka 36, anaamka hotelini New York akiwa sakafuni kwa sababu mgongo haumruhusu kulala kitandani, na hajui kwa sekunde chache yeye ni nani. Anainuka kwa vipande vipande. Kuna sindano ya kotisoni ya kumwezesha kucheza. Kwa hiyo tunapofika kwenye makombe, huko mbele, tunayatazama tukiwa tumeshaona bili. Furaha ya 1994 ipo, na ni furaha hasa, lakini imekaa mahali pake. Aliyemsaidia kuandika ni J. R. Moehringer, mshindi wa tuzo ya Pulitzer, ambaye hakutaka jina lake likae kwenye jalada. Huyo alikaa mkekani hadi "ila" ikatoka.

Wa pili si kitabu, ni filamu ya maisha halisi, Andy Murray: Resurfacing, ya mwaka 2019, iliyoongozwa na Olivia Cappuccio. Murray ndiye yule aliyemfunga Del Potro Rio. Mwishoni mwa 2016 alikuwa namba moja duniani. Mwaka 2017 nyonga ikamsaliti, Januari 2018 akapasuliwa Melbourne, akajaribu kurudi katikati ya mwaka. Agosti, mjini Washington, alimshinda Marius Copil katika mechi iliyoisha saa tisa usiku, akakaa kwenye kiti akafunika uso kwa taulo akalia kwa kwikwi. Ameshinda, na analia kama aliyefiwa. Januari 2019 aliwaambia waandishi wa habari, kwa tabu, kwamba hawezi tena. Baada ya kufungwa kwa seti tano na Roberto Bautista Agut, uwanja ulimwonyesha filamu fupi ya wenzake wakimuaga. Kabla mwezi huo haujaisha alikuwa tena juu ya meza ya upasuaji, London, kichwa cha mfupa wa paja kikavalishwa kofia ya chuma. Juni akabeba kombe la wawili wawili London pamoja na Feliciano López. Oktoba, Antwerp, akabeba kombe la peke yake kwa kumfunga Stan Wawrinka.

Ukiusoma mlolongo huo haraka utadhani ni ile hadithi yetu. Filamu haikukubali. Kamera inaingia chumba cha upasuaji na hailegezi macho. Inakaa kwenye mazoezi ya kuchosha, yale yasiyo na shangwe, mtu mzima anafundishwa upya kuinua mguu. Na kuna jambo moja ambalo kwangu ndilo linaloibeba filamu nzima. Murray anaulizwa kwa nini tenisi ni muhimu kwake kiasi hicho. Mbele ya kamera jibu halikutoka. Lilikuja baadaye kwa ujumbe wa sauti, gizani, sauti tu bila uso. Anazungumzia Dunblane, mji wake, ambapo mwezi Machi 1996 mtu mwenye bunduki aliingia shule ya msingi akaua watoto 16 na mwalimu wao. Murray alikuwa na miaka minane, mwanafunzi wa shule ile, na muuaji alikuwa mtu ambaye familia yao ilikuwa inamjua. Ndani ya muda mfupi baada ya hapo wazazi wake wakatengana, na kaka yake akaondoka nyumbani kwenda kwenye mafunzo ya tenisi. Tenisi ikawa pa kukimbilia.

Baada ya kusikia hayo, ile nyonga siyo tena nyonga. Tunaelewa taulo la Washington. Mtu alikuwa anafungiwa mlango wa pale alipojificha tangu utotoni. Na ona filamu ilivyofanya: haikutueleza hilo dakika ya kwanza ili tulie mapema. Ilitusubirisha, kama yeye mwenyewe alivyosubiri.

Nina la kuilaumu pia. Filamu inamzunguka Murray na watu wake kwa karibu mno hata haioni kitu kilicho wazi, kwamba kila mlango anaougonga una mtaalamu nyuma yake. Daktari bingwa, mchua viungo, mwalimu wa mazoezi, bwawa, mashine. Maumivu ni yake na siyabezi, lakini ujasiri wake ulikuwa na bajeti. Wangapi wenye nyonga ile ile, wa namba 300 duniani, walirudi nyumbani kwao kimya kimya kwa sababu nauli iliisha kabla ya moyo? Filamu haiwaulizi. Sisi wa huku tukiandika tusisahau kuwauliza, maana huko ndiko tunakokujua.

Na Murray mwenyewe ilikuwaje? Aliendelea hadi Olimpiki ya Paris mwaka 2024 akaaga. Kombe la Antwerp likabaki kuwa la mwisho la peke yake katika mashindano ya ngazi ile, na katika yale mashindano manne makubwa hakuvuka tena raundi ya tatu akiwa mchezaji wa mmoja kwa mmoja. Miaka mitano ya kucheza kwa chuma, kuanguka raundi ya kwanza, kuamka, kupanda ndege. Hakurudi alikokuwa. Alicheza kwa sababu alipenda kucheza. Kwangu mimi hilo ni tumaini kubwa kuliko kombe la dakika ya mwisho, kwa sababu hata yule kijana wa kijiweni anaweza kulitumia.

Basi, wenzangu wa kalamu, nimalizie na mambo ya kazi.

Kabla hujamvunja goti mhusika wako, tuambie goti lile lilikuwa linabeba nini. Ada ya mdogo wake? Hasira ya baba? Woga wa kukaa nyumbani? Goti lisilobeba kitu likivunjika hakuna kinachoanguka.

Ukishamvunja, usiruke mstari. Kaa naye. Jua jina la kiungo, jua kinakunjwa vipi na kinauma kikikunjwa wapi. Kama hujui nenda kaulize, wauguzi wana hadithi nyingi kuliko sisi. Jua nani analipa, na nani ameacha kuja.

Akisimama tena, mtafutie lile pigo jipya. Asicheze kama zamani. Kuna kitu alikuwa anakifanya kwa mikono miwili, sasa anakifanya kwa mmoja. Kipate hicho na utakuwa umempata mtu.

Na asiposimama, usimtupe. Endelea kumwandika. Del Potro na ngazi zake ni mtu yule yule anayestahili kusomwa, kombe liwepo lisiwepo.

Najua kuna mtu anasoma haya akiwa na mswada kwenye droo, na mswada huo una ule mstari wa "Miezi minane baadaye". Utoe leo. Pafute hapo, acha kurasa kumi tupu, anza na siku ya pili baada ya hospitali, asubuhi, mgonjwa anataka kwenda msalani na hakuna mtu nyumbani. Andika anavyofika. Ukimaliza tuletee, tutausoma.